Wantam peke yake haitoshi, tuambieni mtafanya nini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niulize viongozi wa upinzani hapa Kenya swali moja ambalo sijasikia likijibiwa vizuri: mkiingia Ikulu 2027, ile asilimia 2.75 ya mshahara inayokatwa ya SHA, bima ya afya ya serikali, na ile 1.5 ya nyumba mtazifuta ama mtaziacha? Sitaki hotuba, nataka ndiyo ama la, na kama ni ndiyo mseme pesa ya kuziba hilo pengo itatoka wapi.

Nauliza juu tumewaona sana juu ya paa za magari, Gachagua, Kalonzo, Karua, Wamalwa, na kibwagizo ni kile kile, wantam, wantam, yaani Rais Ruto awe wa muhula mmoja tu, watu wanainua kidole kimoja, msafara unaondoka unaenda soko lingine. Na mimi kidole nimeinua, sikatai, hii serikali sitaki kuiona miaka mingine mitano. Lakini wantam inaniambia nani atatoka, hainiambii slipu yangu ya mshahara itakuwa vipi huyo mtu akishatoka. Deni la taifa limeshapita trilioni 10, zaidi ya nusu ya kodi inayokusanywa inaishia kulipa madeni, na hilo deni halitaenda nyumbani na Ruto, atakayeingia atalikuta pale mezani.

Tena wengine wao si wageni kwa haya mambo. Gachagua alikuwa naibu wa rais wakati Sheria ya Fedha ya 2023 inapita, ile ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kutuletea makato ya nyumba. Hakuwa nje akipiga kelele, alikuwa ndani akiitetea serikali, na ni yeye alizunguka akituambia serikali ni kampuni yenye hisa na waliowekeza kura ndio wafikiriwe kwanza. Oktoba 2024 wabunge na maseneta wakamng'oa, 2025 akaunda chama chake cha DCP, sasa ni mtetezi wa mnyonge. Sawa, mtu hubadilika, lakini abadilike kwa karatasi pia, aseme ile sheria ilikuwa mbaya wapi na yeye angeandika nini badala yake. Kalonzo naye alikuwa makamu wa rais 2008 mpaka 2013, halafu mgombea mwenza wa Raila mara mbili. Ukiniuliza sera ya Wiper, chama chake, kuhusu deni mimi siijui, na wafuasi wake niliowauliza nao hawaijui, walinijibu tu eti zamu yake imefika.

ODM ndio walinimaliza kabisa. Marehemu Baba, Raila, aliyekuwa kiongozi wao, nilimheshimu na bado namheshimu, kwa hivyo msinitukane kwa hili. 2023 waliita watu barabarani kwa sababu ya gharama ya maisha, watu wakapigwa risasi. Juni 2024 vijana wakatoka wenyewe bila chama kuwaita, mswada wa fedha mwanzoni ulikuwa unataka VAT ya mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5, wabunge 195 wakaupitisha tarehe 25 na siku hiyo hiyo vijana wakauawa karibu na bunge, kesho yake rais akasema hatatia sahihi. Sasa Julai haijaisha, tunasikia mawaziri wapya ni nani? Joho na Oparanya, manaibu wa kiongozi wa chama. Mbadi, mwenyekiti. Na Wandayi, kiongozi wa wachache bungeni! Yaani yule mtu kazi yake hasa ni kukosoa serikali ndiye amepewa wizara, na Mbadi akapewa hazina ya kitaifa, bajeti anasoma yeye. Machi 2025 wakatia sahihi mkataba wa mambo kumi na UDA, chama cha Ruto, na nimeyasoma, mengine ni mazuri kweli, kuna hata fidia ya waathiriwa wa maandamano. Lakini mpaka leo sielewi, nikipigia ODM kura nitakuwa nimeunga serikali mkono ama nimeipinga?

UDA sitawapotezea muda, tulisikia bottom-up, uchumi wa kuinua walio chini, tukapewa mkopo wa Hustler Fund wa kuanzia shilingi mia tano, wenyewe wanajua tunachofikiria.

Kuna watu wataniambia muhimu ni kumtoa huyu kwanza, sera zitakuja baadaye. Hao wakumbuke 2002 vizuri. Ni kweli tulitaka Moi na mrithi aliyemchagua waende, lakini NARC, muungano wa upinzani wa wakati huo, haikuja mikono mitupu, ilisema elimu ya msingi itakuwa ya bure, na Januari 2003 watoto wakaingia darasani bila karo, wengi mpaka madarasa yakajaa pomoni. Baadaye NARC ilivunjika kwa ugomvi wao wa vyeo, hiyo najua, lakini ile ahadi ilikuwa wazi na mzazi yeyote angeweza kuwauliza iko wapi. Nani ataweza kuwauliza hawa kitu na hawajaahidi chochote zaidi ya kidole?

Na wasifikiri watu hawaoni. 2013 kati ya waliojiandikisha, waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 86, 2017 ikawa kama 78, 2022 ikaanguka mpaka karibu 65, na vijana waliojiandikisha mwaka huo walikuwa wachache kuliko 2017. Wanasiasa husema ati vijana ni wavivu. Wavivu gani, wale wale walijaza barabara 2024 wakiwa wamesoma mswada kipengele kwa kipengele kuliko wabunge waliokuwa wanaupigia kura?

Vyama vikubwa vinapata pesa kutoka kwa ile hazina ya vyama, sheria inasema isipungue asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu, hiyo ni kodi yetu. Hata wakichukua kidogo tu wakodishe watu wawili wanaojua hesabu wakae chini waandike bajeti mbadala, mapato haya, matumizi haya, hiki tunakata, hiki tunaacha, itatosha, na waichapishe kabla ya Agosti 2027, si wiki mbili kabla ya uchaguzi kwa hoteli.

Nawe Mhariri nina ombi. Waandishi wako wakiitwa tena kwa mkutano wao na wanahabari, waache kuuliza nani atakuwa mgombea na nani naibu. Waulize hiyo 2.75. Wakijibu ati tutaangalia tukiingia, tafadhali liandikeni hivyo hivyo kwa ukurasa wa kwanza.

Mpiga kura asiye na kadi ya chama chochote