Jaji Mwalusanya asimuliwe kwa hukumu zake

Mhariri,

Kila jaji anapostaafu au kufariki, magazeti yetu humwandikia wasifu wa mtindo uleule: alizaliwa wapi, alisoma shule gani, aliapishwa na Rais yupi, ameacha wajukuu wangapi. Kesi alizoamua hazitajwi. Ni kama kumsifu fundi cherehani bila kuonyesha hata shati moja aliloshona.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Kiwira wilayani Rungwe. Jina la James Mwalusanya, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu, nililisikia mwaka juzi kwenye kikao cha ukoo, siku chache baada ya kumzika baba. Baba aliacha ekari mbili, migomba upande mmoja na upande wa pili miparachichi niliyoipanda mwenyewe. Kabla parachichi halijapata bei huku kwetu, shamba lile lilikuwa halina mwenyewe wala wa kuliulizia. Siku hiyo wakajaa hadi barazani. Baba mdogo akasimama, akajikung'uta koti, akasema: "Mwanangu, hakuna anayekufukuza. Kula ndizi mpaka uzeeke. Ila ardhi ya ukoo mtoto wa kike hairithi, wala haiuzi."

Binti wa dada yangu, anayesoma sheria, akatoa kwenye mkoba fotokopi ya hukumu ya Mahakama Kuu, Mwanza, Februari 1990. Imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo akawa anasoma mstari, anatafsiri, huku chai za watu zinapoa.

Mama mmoja wa Muleba, Kagera, alirithi kwa wosia shamba la baba yake. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu jamaa yake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo, na akashinda. Mahakama ya Wilaya ikampa haki mama. Jamaa akakata rufaa Mahakama Kuu, faili likamfikia Mwalusanya. Kanuni za mila zilizotumika kwa Wahaya, zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, zilikuwa zinambeba yule jamaa: mwanamke atumie shamba la ukoo, asiliuze. Lakini Katiba ilikuwa imeingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, na tangu Machi 1988 raia aliweza kuzidai mahakamani. Jaji akasema kanuni hiyo ni ubaguzi, na mwanamke na mwanamume wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo.

Wazee wetu hayo ya Katiba waliyasikiliza kwa adabu tu. Kilichowagusa ni mwisho wa hukumu. Kwa mila hiyohiyo, mwanamume akiuza shamba la ukoo bila ridhaa ya wenzake, ndugu wanaweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mwalusanya akasema basi na kwa mwanamke iwe hivyohivyo, akampa yule jamaa miezi sita alete hizo fedha.

"Laki tatu tu?" baba mdogo akauliza, macho yakamng'aa.

"Za mwaka 1988, babu," binti akamjibu. "Hapa utalipa za leo."

Kuna aliyecheka huko nyuma. Baba mdogo akakaa.

Jaji huyu alikuwa na mengine. Mwaka 1988, katika shauri dhidi ya mkuu wa gereza la Musoma, alisema sheria ya mkoloni ya 1921 ya kuhamisha watu kwa nguvu inapingana na Katiba. Mwaka 1994 akiwa Dodoma alisema hivyo kuhusu adhabu ya kifo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kunyonga ni ukatili, ila ikasema Katiba yenyewe inaruhusu, ikatengua. Nalo liandikwe, jaji hapungui kwa kutenguliwa.

Najua mtaniambia mambo yalishanyooshwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Imenyoosha kwenye karatasi. Kanuni za 1963 bado zipo, na mwaka 2006 wajane wawili walizipinga Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ikakiri kuwa zinabagua lakini ikakataa kuzifuta.

Ombi langu ni dogo. Tangu 2021 sheria inataka mahakama zitumie Kiswahili, lakini hukumu za zamani zimebaki na Kiingereza chake. Za Mwalusanya zimekusanywa hata kitabuni, nacho ni cha Kiingereza. Mngetenga nusu ukurasa kila wiki, mkachukua hukumu moja, mkaisimulia kwa lugha ya kikao cha ukoo.

Nami ningewatumia fotokopi yangu, ila jirani aliiazima mwaka jana, ikapita Tukuyu, mara ya mwisho nilisikia iko Kyimo kwa mama mmoja mjane. Haijarudi.

Mwalimu mstaafu,
Kiwira, Rungwe