Mwanangu, usihame kozi

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Huku Mlingotini hatujambo, bibi yako anakusalimu na anauliza kama huko Mwanza nazi unazipata. Ujumbe wako nimeusoma. Wiki ijayo mnaanza kuogelea, nawe unataka kuomba uhamishwe hiyo kozi yako ya kilimo cha majini, maana maji yakikufika kifuani mwili wote unakufa ganzi. Usiombe kwanza, nisikilize.

Unajua sisi wa Pwani tulivyolelewa. Mtoto wa kiume anajirusha kutoka kwenye ngalawa tangu mdogo. Wa kike anaambiwa abaki mchangani. Ndiyo maana kina mama tunaolima mwani, na kushinda kwetu kote baharini, wengi hatukujua kuogelea. Maji yakipwa tunashuka, tunafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, yakianza kujaa tunarudi. Kilimo cha magotini.

Halafu joto likazidi. Maji yamepwa, jua la mchana limewaka, mwani umelala kwenye maji ya moto; ukirudi unakuta matawi meupe kama chokaa, ukiyagusa yanakatika. Katika aina mbili za mwani tunazolima, kotonii ndiyo inayoumia zaidi, na ndiyo yenye bei. Ile nyingine, spinosamu, inavumilia, ila hailipi. Kotonii inataka maji ya kina, yenye mkondo, ining'inie kwenye kamba za maboya. Na huko miguu haigusi chini.

Ikabidi tujifunze kuogelea, na aliyetufundisha hakuanza na kupiga mbizi. Alinilaza chali, mkono wake chini ya mgongo wangu, akasema vuta pumzi, jaza kifua, masikio yaache yaingie majini. Hapo kwenye masikio ndipo woga wangu wote ulipokuwa. Kimya, nasikia moyo tu unavyogonga. Nikainua kichwa, kiuno kikazama. Akanirudisha. Nilipoacha kukaza shingo, maji yakanibeba. Woga haukuniondoka, mwanangu. Hata leo nikishuka kutoka kwenye mtumbwi tumbo linanikata, ila mwili unajua la kufanya.

Huko ziwani ni maji baridi, hayabebi mwili kama bahari yetu ya chumvi. Ukijiona unazama zaidi kidogo kuliko nilivyokusimulia, usidhani umeshindwa. Na uingie pale tu walimu wanapowaonyesha, kwa sababu ziwa lile lina mamba na kichocho. Kumwogopa mamba ni akili, woga huo ubaki nao.

Ninakung'ang'ania hivi kwa ajili ya wadogo zako na shoga zako wa hapa. Kwenye kina kirefu tunategemea wanaume wenye mitumbwi watufungie kamba, na mavuno tunagawana nao. Wasichana wanataka kujifunza, lakini wengi wao baba au mume hatakubali wafundishwe kuogelea na mwanamume. Akiwafundisha binti wa hapa hapa, nani atakataa? Mimi naweza kuwaelekeza kuelea tu. Kupima joto la maji, kuchagua mahali pa kuweka kamba, kulinda mbegu isife, hayo utakuja nayo wewe. Sijui mwingine wa mtaa wetu aliyeipata nafasi hiyo.

Basi nenda. Mwambie mwalimu waziwazi kwamba unaogopa, akushike mgongo. Nimekutumia kwa basi suruali nyeusi na fulana ya mikono mirefu, uingie nazo. Usiingie na dera, linajaa maji na kukuvuta chini. Jioni yake unipigie, hata kama utakuwa umeishia kulowesha miguu.

Mama yako,
Mlingotini, Bagamoyo