Mwanangu, hizi hapa alama za filamu ulizoniachia

Kikuyu, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Sisi huku hatujambo, upepo tu umeanza na vumbi lake, kila siku nafuta meza na kila siku imechafuka. Shangazi yako anakusalimu sana.

Umeuliza filamu ulizoniachia kwenye flashi nimezionaje, na umeniwekea sharti kabisa: hutaki kusikia "nzuri mama, nimeipenda", unataka alama juu ya kumi pamoja na sababu zake. Haya. Nimesahihisha insha za kidato cha tano na sita mpaka nimestaafu, kutoa alama siogopi. Na kwa kuwa filamu ndiyo kazi unayoisomea, sitakubembeleza.

Naanza na iliyonishika kuliko zote, ile ya kijana wa Malawi, The Boy Who Harnessed the Wind. Tisa.

Chiwetel Ejiofor ameiongoza mwenyewe, mwaka 2019, na ndiye anayecheza baba. Habari ni ya kweli: William Kamkwamba, kijana wa wilaya ya Kasungu, aliachishwa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajisomea maktabani, akaunda mtambo wa upepo kwa vyuma chakavu. Ejiofor ameigawa filamu kwa kufuata mwaka wa mkulima: kupanda, kukua, kuvuna, njaa, halafu upepo. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa mpangilio huo. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, ukikukosa umekukosa.

Nilipenda pia kwamba hawakuibebesha mvua lawama yote. Miti inauzwa kwa wenye tumbaku, mafuriko yanakuja kwa sababu hakuna cha kuyazuia, kisha jua, kisha mtawala wa jadi anasimama mbele ya rais kusema watu wake wana njaa na anapigwa mbele ya umati. Bibi yako alinisimulia ile njaa kuu ya Mtunya kama naye alivyosimuliwa na mama yake. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilichukua ng'ombe, ikachukua nafaka, ikachukua wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakata. Toka 1917 mpaka 1920 Ugogo uliteketea kwa njaa. Wazee hawakusema hata siku moja kwamba Mtunya ililetwa na jua peke yake. Na habari ya miti waulize watu wa Kondoa, ambako milima iligeuka makorongo mpaka serikali ikaleta mradi wa HADO, wa kuhifadhi ardhi, mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lile ili ardhi ipumue.

Sasa ile baiskeli. William anahitaji fremu na gurudumu, na baiskeli ni moja tu pale nyumbani, ya baba. Baba anakataa, tena kwa ukali, anamrudisha kijana kwenye jembe. Filamu nyingine ingemfanya huyu baba adui hapo hapo, mshamba asiyejua sayansi, nasi tungekaa tukisubiri aaibike. Ejiofor hakumfanyia hivyo. Kabla ya kukataa kule tumeshaona watu wakivamia nyumba na kubeba nafaka, tumeona chakula kikipungua mpaka mlo mmoja kwa siku, tumeona binti yake akiondoka usiku ili wanaokula wapungue. Baiskeli ndiyo kitu pekee ambacho njaa haijakifikia. Yule mzee anaogopa kubaki mikono mitupu mbele ya mkewe na wanawe, na woga huo unauona kwenye mabega yake hata akiwa amenyamaza.

Nilimkumbuka babu yako wa Mvumi. Mwaka niliofaulu kwenda sekondari alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wengine wamekwisha kwa ukame. Mama akataka auzwe nipate ada na godoro. Mzee akasema hapana, akakaa na hapana yake wiki nzima, hali vizuri, hasemi na mtu. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakiwalea wadogo zangu. Mwishowe aliuzwa, nikaenda shule. Uso wa mzee siku ile mnadani sijauona tena popote, mpaka nilipouona kwa Ejiofor pale anapokubali baiskeli ikatwe.

Ndiyo sababu ya tisa. Katika filamu ile kila mtu ana lake linalomsukuma, hata anayekataa, hata anayeuza mti. Sipimi filamu kwa kitu kingine zaidi ya hicho, utaona kwenye hizi nyingine.

Alama moja nimeikata mwishoni. Kwenye filamu upepo unavuta maji, shamba linakuwa kijani, picha imekwisha. Lakini kitabu alichoandika Kamkwamba mwenyewe na Bryan Mealer, kilichotoka 2009, kinasema mtambo wa kwanza uliwasha taa. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Ningeitaka ile taa. Kijana aliyefukuzwa shule anawasha taa ya kusomea nyumbani kwao: huo ni mwisho unaotosha, haukuhitaji kuongezwa mahindi.

Ile ya simba, Beast ya 2022, nne. Najua baba yako ameshakupigia kuisifu.

Steringi ni Idris Elba, daktari aliyefiwa na mke, amewapeleka binti zake wawili Afrika Kusini kwenye nchi ya mama yao. Majangili wameua kundi zima la simba, amebaki dume mmoja, na dume huyo anaanza kuua kila mtu anayekutana naye. Hiyo ni sababu, tena nzito, na filamu inakuonyesha mwanzoni kabisa. Kisha inaisahau. Simba anageuka mashine. Analipuliwa na petroli, anaungua, bado anakuja. Hali anachoua. Sisi tuna watu wetu upande wa Ruaha wanaolala na simba jirani. Mchungaji wa huko atakueleza kwamba simba anayegeukia zizi mara nyingi ni mzee, au ana jeraha, au amekosa windo, na atakueleza hata njia aliyopitia. Anamchukia na bado anamwelewa. Waandishi wa filamu hii hawakufika hapo. Na wale majangili ndio kabisa, wamewekwa wafe tu, hatuwajui wametoka wapi wala nani anawanunulia risasi.

Ila kuna jambo nataka ulizingatie, maana naona linaihusu kazi yako. Mbali na hiyo ya kwenye flashi, baba yako alileta nakala yake kutoka duka la muvi pale Majengo, nayo imetafsiriwa, mtafsiri anazungumza juu ya picha kama alivyokuwa akifanya Lufufu enzi zile Dar es Salaam. Mtafsiri huyu amempa simba maneno. Kila dume lile linapotokea kwenye majani, anasema kwa sauti nzito: wanangu mmewapeleka wapi? Baba yako na vijana wa jirani walinyamaza kimya kila aliposema hivyo. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti aliliona tundu la hadithi akaliziba, na hakuna mtu atakayeandika jina lake kwenye orodha ya waliotengeneza. Kwa hiyo kati ya zile nne, mbili ni zake. Mbili nyingine ni za kamera, inavyowafuata wale watoto muda mrefu bila kukatwa mpaka na wewe unaanza kugeuka nyuma.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, 2018: nane na nusu. Hii nitasema kidogo kwa sababu niliitazama peke yangu na bado iko karibu mno. Mama anamtoa bintiye hospitali aje amalizie siku zake nyumbani. Dada mkubwa anamwambia mtoto ana nguvu za ajabu kama wale wa kwenye filamu anazozipenda, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo. Mama hataki. Anataka mtoto alale ndani, apumzike, asichoke, ili abaki naye siku moja zaidi. Na mama huyu ni mkunga, amepokea watoto wa watu wengine maisha yake yote. Dada anataka mtoto afurahi, mama anataka mtoto awepo. Nilijaribu kuamua nani yuko sahihi nikashindwa, na filamu nayo haikuniamulia. Nusu na moja nimezikata kwa sababu wanakijiji ni wema kupita kiasi. Kijijini lazima awepo hata mmoja aliyechoka, mwenye shamba linalomngoja, anayeuliza mchezo huu utaisha lini. Angekuwepo, wema wa wengine ungeonekana zaidi.

Ya mwisho ni Vuta N'Kuvute, na hapa huenda tukagombana. Saba.

Riwaya ya Adam Shafi, ya 1999, nimeifundisha darasa baada ya darasa, kwa hiyo nilikaa mbele ya TV kama msahihishaji. Na kwanza nakiri uzuri wake, maana ni uzuri mkubwa. Amil Shivji amepiga picha usiku wa Zanzibar ya miaka ya hamsini mpaka unahisi unyevu wa kuta. Hana haraka. Anaacha uso ukae. Kiswahili cha Unguja kimebaki kilivyo, hakuna aliyelazimishwa kuongea kama mtangazaji wa redio. Mwajuma, rafiki wa Yasmin mhusika mkuu, amechezwa na Siti Amina, mwimbaji mwenyewe, na muziki unapoanza huoni kwamba umewekwa, unaona watu walio nao mwilini. Ilionyeshwa Toronto 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Nilipoisoma habari hiyo gazetini nilifurahi kama aliyefaulu ni mwanafunzi wangu.

Lakini riwaya ile ina watu wengi wanaovutana, ndiyo raha yake, na filamu imebaki na kamba ya Yasmin, binti wa Kihindi, na mpenzi wake Denge, mpigania uhuru, zaidi ya nyingine. Mume mzee aliyeozeshwa yule binti anapita haraka. Wazazi waliomwoza wanapita haraka. Darasani nilikuwa nawauliza wanafunzi: wazazi wa Yasmin walikuwa wanaogopa nini? Duka? Ndugu? Maneno ya jirani? Tulikuwa tunaweza kumaliza kipindi kizima hapo na kengele inalia bado wanabishana. Filamu haikuniachia nafasi ya kuuliza swali hilo. Utasema dakika tisini hazitoshi. Huenda. Mimi ningekata matembezi mawili ya usiku niwape wazazi onyesho moja la mezani.

Bado ukiniuliza ipi niwaonyeshe wanafunzi kati ya zote nne, ni hii. Inaonyesha kwamba mahali petu panatosha kwa filamu. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, na kwenye skrini mpaka leo ni mji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku: Bunge, mawaziri, misafara ya magari. Nani amepiga picha ya mnada wa ng'ombe alfajiri? Nani ameweka zeze la Kigogo kwenye filamu mahali panapoumiza, achilia mbali kwenye ngoma ya kukaribisha wageni?

Ndiyo maana skripti yako nimeisoma kwa hamu, na nimeisoma tena. Binti anarudi kutoka Dar anamkuta mjomba anauza shamba la zabibu la familia ligawanywe viwanja. Ni habari ya kweli kabisa. Toka serikali ilipoanza kuhamia huku 2016, watu wa viwanja hawajaacha kugonga milango. Binti umemwandika vizuri, namsikia sauti. Mjomba umemnyima. Anakunywa, anacheka vibaya, anahesabu pesa. Umemfanya simba wa Idris Elba.

Mpe msimu mmoja tu, mwanangu. Mpe mwezi wa pili, zabibu zimeiva, mnunuzi anasema matangi yamejaa, kreti zimepangwa chini ya mti na nyuki wameshazijua. Zabibu haihifadhiki kama mtama, siku chache tu imeanza kuvuja. Mwonyeshe anavyobeba kreti zile kwenda kuzimwaga, na deni la dawa ya mizabibu bado liko dukani. Halafu ndipo mtu wa viwanja aje na bahasha. Binti aendelee kukasirika, ana haki, lakini mtazamaji awe ameshaona kreti.

Alama ya skripti sijaitoa, naisubiri hiyo sehemu uiandike upya. Usiibuni ukiwa huko. Njoo mwisho wa wiki wowote, treni ya umeme inakufikisha siku hiyo hiyo, uende Hombolo na baba yako. Muulize kilo ilinunuliwa kwa bei gani mwaka ule wanunuzi hawakuja, alimwambia nini mwenye duka la dawa, na jioni ile alirudi nyumbani kwa njia ipi. Atakujibu, yeye hana shida ya kueleza. Nenda na daftari, simu itaisha chaji.

Nakupenda,
Mama yako