Yah: Malalamiko kuhusu kozi yenu ya IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza) kwa walimu wa India wanaoomba usajili nje ya nchi

Kwa Mkurugenzi wa Mafunzo,
Kituo cha Maandalizi ya Mitihani ya Kiingereza,
Kochi, Kerala.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni walimu wenye shahada za ualimu (B.Ed.) kutoka vyuo vya Kerala, Tamil Nadu na Karnataka, tuliolipia kozi mnayoitangaza kuwa imeandaliwa kwa walimu wanaotaka kusajiliwa Australia, New Zealand na Uingereza. Malalamiko yetu ni kwamba kozi hiyo haikuandaliwa kwa ajili ya mwalimu hata kidogo. Ni kozi ileile mnayowauzia wanafunzi wanaotafuta viza, iliyobandikwa jina jipya na kupandishwa bei. Wahudumu wenu wa simu wamekuwa wakitujibu kwamba tunalalamika kwa sababu tumekosa alama, hivyo tunaeleza kasoro zenyewe kwa maandishi ili zijibiwe kwa maandishi.

Kasoro kubwa kuliko zote ni lengo mlilotuwekea. Mabango yenu yanasema ukipata 7.5 kati ya 9 kwa jumla, yaani wastani wa sehemu nne za mtihani, umefika. AITSL, chombo cha Australia kinachopima sifa za walimu wanaotaka kuhamia huko, hakiamui kwa wastani huo. Kinataka IELTS ya Academic (aina ya mtihani inayolenga masomo ya kitaaluma) yenye angalau 7.0 katika kusoma na kuandika, na angalau 8.0 katika kusikiliza na kuzungumza. Chukueni mtahiniwa aliyepata kusikiliza 8.5, kusoma 7.5, kuandika 6.5 na kuzungumza 7.5. Wastani wake ni 7.5 kamili. Picha yake mtaitundika, lakini AITSL haitamkubali, tena kwa sehemu mbili: kuandika na kuzungumza. Mwingine akipata 8.0, 7.0, 7.0 na 8.0, naye ana wastani uleule wa 7.5, na huyu amevuka. Kwa miezi yote ya kozi, ripoti za maendeleo tulizopewa zilikuwa na namba moja tu, ya wastani. Hakuna mwalimu angeweza kujua kupitia ripoti hizo kama yuko karibu au mbali.

Tena lengo halifanani kwa kila nchi. Baraza la Walimu la New Zealand linataka 7.0 katika kila sehemu, kwa hiyo anayekwenda huko hana haja ya kuhangaikia ile 8.0 ya kuzungumza. Juhudi zake zielekezwe kwenye kuandika, ambako wengi hukwamia 6.5. Uingereza ni habari nyingine kabisa. Tangu Februari 2023, mwalimu aliyesomea India anaweza kuomba hadhi ya ualimu ya England, QTS, endapo anafundisha hisabati, sayansi au lugha kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 16. Kiwango cha Kiingereza kinachotakiwa ni B2, yaani cha kati cha juu kwenye vipimo vya lugha vya Ulaya, na mtu ambaye shahada yake ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza anaweza kuthibitisha hilo kwa hati ya chuo chake badala ya mtihani. Katika kundi letu wamo walimu wa hisabati na fizikia wenye hati hizo, wanaolenga England peke yake. Mliwauzia kozi nzima ya kutafuta bendi 8, yaani alama 8 ya IELTS. Fomu yenu ya kujiandikisha haina nafasi ya kuandika nchi wala somo, na hilo peke yake linaonyesha kwamba hamkukusudia kujua.

Upande wa pili, mshauri wenu aliwaambia baadhi yetu kwamba hati hiyohiyo ya chuo itawafaa Australia. Haitawafaa. AITSL humsamehe mtihani mwalimu aliyesoma elimu ya juu miaka minne, ikiwemo ya ualimu, katika nchi sita tu: Australia, Kanada, Ireland, New Zealand, Uingereza na Marekani. India haimo, hata kama kila somo lilifundishwa kwa Kiingereza.

Kuhusu vifaa vya kufundishia. Vitabu vya mazoezi ya kusoma tulivyopewa ni vya General Training (aina ya mtihani inayolenga kazi na maisha ya kila siku), siyo Academic. Vimejaa matangazo ya kazi, ratiba za mabasi na miongozo ya wafanyakazi. Kosa hili lisingekuwa zito sana kama msingegeuza alama kwa jedwali la Academic. Katika Academic, majibu sahihi yapatayo 30 kati ya 40 ni bendi 7. Katika General Training, 30 ni bendi 6, na bendi 7 inahitaji yapatayo 34. Mlikuwa mnachukua karatasi nyepesi na kuipima kwa jedwali la karatasi nzito. Mwalimu aliyeandikiwa 7 darasani alikuwa na 6 ya karatasi nyepesi, na ya Academic yake hakuna aliyeijua. Hivyo ndivyo watu walivyopelekwa kulipia mtihani wakiamini sehemu ya kusoma wameshaimaliza. Katika kuandika ni hivyohivyo: kati ya kazi mbili za mtihani, ya kwanza tulizoezwa barua, wakati Academic inatoa grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua za uzalishaji.

Sehemu ya kusikiliza ndiyo ya kwanza kumkwamisha mwalimu wa Australia, kwa sababu bendi 8 huanzia majibu yapatayo 35 kati ya 40. Yaani ana ruhusa ya makosa matano. Darasani kwenu sauti ilichezwa mara mbili. Kwenye mtihani huchezwa mara moja. Mlitupa dakika kumi za kuhamishia majibu, ambazo ni za mtihani wa karatasi, huku mkituandikisha kwa mtihani wa kompyuta wenye dakika mbili tu za kukagua. Na usahihishaji ulikuwa wa huruma. Tunayo karatasi ambayo neno "accommodation" limeandikwa kwa "m" moja na limepewa alama. Karatasi hiyohiyo ina swali lililoagiza maneno yasiyozidi mawili, mtahiniwa akaandika matatu, nalo likapewa alama. Jibu jingine lilihitaji wingi, "s" ya mwisho haipo, nalo pia alama. Kwenye mtihani yote matatu ni makosa. Ukiyaondoa, 36 inakuwa 33, na bendi 8 imetoweka.

Kuandika ndiko tunakotaka mtusikilize zaidi. Msahihishaji wenu anarudisha insha ikiwa na namba moja juu, kwa mfano 6.5, na maneno "ongeza msamiati". Mtahini wa IELTS hutoa alama nne tofauti: namna kazi ilivyojibiwa, mpangilio na muunganiko wa hoja, msamiati, na sarufi. Mwalimu aliyekwama 6.5 anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo inayomvuta chini. Mara nyingi siyo msamiati. Ni kwamba insha yake ya kazi ya pili haina msimamo unaoonekana tangu mwanzo hadi mwisho, au maelezo ya grafu hayana sentensi za kutoa picha ya jumla kabla ya kuingia kwenye namba, au katika kila sentensi mbili moja ina kosa dogo la kibainishi au kihusishi, kama kusema "discuss about". Kazi ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza, kwa hiyo katika zile dakika 60 inastahili kama 40. Ratiba yenu iligawa nusu kwa nusu.

Badala ya hayo mlitugawia kiolezo cha kukariri. Kila insha inafunguliwa kwa sentensi ya zama za utandawazi, kila aya inaanza kwa kiunganishi kilichopangwa, hitimisho limeachiwa nafasi ya kujaza mada. Vigezo vya IELTS vilivyo wazi kwa umma vinautaja muunganiko wa kimashine wa namna hii kuwa sifa ya bendi 6. Mlikuwa mnatufundisha kubaki palepale tulipokwama.

Kuzungumza. Mtihani ni wa dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini, na sehemu ya tatu ni mjadala wa dakika nne au tano juu ya mambo ya jumla ambayo hayakaririki. Madarasa yenu yalikuwa ya watu kumi na wawili kwa dakika 40, hivyo kila mmoja alizungumza dakika tatu na ushee. Muda mwingi ulitumika kuiga lafudhi ya Kimarekani. Lafudhi ya Kihindi haikatwi alama. Kinachopimwa ni kueleweka bila msikilizaji kutaabika: mkazo wa neno mahali pake, kugawa sentensi katika vipande vyenye maana, kupanda na kushuka kwa sauti. Msemaji wa Kihindi anayechanganya "v" na "w" na msemaji wa Kitamil anayechanganya "p" na "b" hawahitaji zoezi moja, lakini mlituweka pamoja turudie sauti za video. Na bendi 8 inataka mtu aongee kwa mtiririko, akijirudia au kujisahihisha kwa nadra tu. Hilo haliji kwa kukariri kijitabu cha majibu. Aliyekariri husikika mara tu mtahini anapogeuza swali.

Baada ya matokeo, mshauri wenu aliuza huduma ya kurudia sehemu moja akisema nchi zote zinaikubali. Kurudia sehemu moja kupo, kwa waliofanya kwa kompyuta, ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza. Lakini kila chombo cha usajili kinaamua chenyewe kama kitapokea matokeo hayo, na kuulizia ilikuwa kazi yenu kabla ya kupokea fedha. Aidha hakuna aliyeelezwa kwamba anaweza kuomba kusahihishwa upya ndani ya wiki sita, na kwamba ada hiyo hurudishwa alama ikibadilika. Kwa mtu mwenye 7.5 ya kuzungumza na 8 kwingine, taarifa hiyo ina thamani kubwa.

Tunaomba yafuatayo yatekelezwe ndani ya siku 15 tangu kupokea barua hii:

Walimu wanaolenga England pekee na wenye hati ya chuo warudishiwe ada yote, pamoja na kodi ya GST iliyokatwa.

Walimu wa Australia na New Zealand wapewe mafunzo mapya kwa karatasi za Academic bila malipo ya ziada, insha zisahihishwe kwa vigezo vyote vinne, na mazoezi ya kuzungumza yawe ya mtu mmoja mmoja kwa muda kamili wa mtihani. Asiyetaka kuendelea arudishiwe ada.

Matangazo ya wastani wa 7.5 yaondolewe. Miongozo iliyotolewa Novemba 2024 na Mamlaka Kuu ya Ulinzi wa Watumiaji ya India kuhusu matangazo ya vituo vya mafunzo inakataza ahadi za uhakika wa kufaulu, na inataka kituo kiwe na idhini ya maandishi ya mwanafunzi, iliyotolewa baada ya kufaulu, kabla ya kutumia picha yake. Wawili kati yetu wamo kwenye mabango yenu na hawakutoa idhini.

Siku hizo zikipita bila majibu, tutapeleka shauri kupitia namba 1915 ya msaada wa watumiaji, na kisha kwenye Tume ya Wilaya kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2019.

Tumeambatanisha nakala za risiti, ripoti za maendeleo, karatasi ya kusikiliza tuliyoieleza, insha nne zilizosahihishwa na picha za mabango.

Wenu,
Walimu wa kundi la jioni