Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa klabu: mtani asituchagulie uwanja wala kocha

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la klabu yetu sitaliandika, wala la mtani. Wewe unayajua, wanachama wenzangu wanayajua, na msomaji wa mbali akibadilisha rangi za jezi kichwani mwake atashangaa kukuta barua hii inaihusu klabu yake.

Baada ya kufungwa dabi ulitoa taarifa mbili, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ilisema mazungumzo ya kutumia uwanja mmoja na watani yamefungwa rasmi, "kwa kulinda heshima na historia ya klabu". Ya pili ilisema klabu na kocha mkuu "wamefikia makubaliano ya pande zote mbili" ya kusitisha mkataba, ikamshukuru na kumtakia kila la heri. Ile ya pili niliisoma mara mbili nikitafuta sababu. Haikuwemo. Kulikuwa na nembo ya klabu, picha ya kocha akiwa ameinama, na nafasi ya wadhamini chini.

Mashabiki walishangilia zote mbili. Najua ndiyo maana ulizitoa pamoja. Mwanachama akisikia uwanja hatushirikiani na mtani na kocha aliyefungwa na mtani kaondoka, analala usingizi. Lakini hebu tuziweke taarifa hizo mezani tuulize swali moja: nani kaziamua? Uwanja tumeukataa kwa sababu yake yeye. Kocha tumemtimua kwa sababu yake yeye. Mtani hana kura kwenye Kamati ya Utendaji, ila wiki ile alipitisha ajenda mbili bila kupingwa.

Tuanze na uwanja, maana ndiko kwenye pesa.

Kuna watu wanazungumza kana kwamba kugawana uwanja na mtani ni kuvua jezi hadharani. Waambie waangalie Milan. Uwanja wa San Siro ulifunguliwa mwaka 1926 ukiwa wa AC Milan, ukaja kuwa wa jiji, na tangu 1947 Inter, watani wao wa jiji hilohilo, nao wakahamia. Wamekaa humo vizazi na vizazi, na hakuna aliyewahi kusema dabi yao imepoa. Mashabiki wakorofi wa Inter wana jukwaa lao la kaskazini, wa Milan wana la kusini, na dabi ikifika kila mtu anakwenda kwake bila kujali nani kaandikwa mwenyeji kwenye ratiba. Halafu tazama walichofanya juzi tu: mwishoni mwa Septemba 2025 baraza la jiji liliidhinisha kuwauzia uwanja huo na eneo lake kwa euro milioni 197, na Novemba mauziano yakakamilika. Walionunua ni Milan na Inter, kwa pamoja. Wanapanga kujenga mpya pembeni, wa watu 71,500, na utakuwa wa pamoja vilevile. Klabu mbili zenye uwezo wa kujitenga zimepiga hesabu zikaona viti vinavyokaa vitupu nusu ya msimu ni hasara.

Na kama mtu anadhani "nyumbani" ni kitu kitakatifu kisichogusika, mkumbushe nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2003. Milan na Inter zilicheza mechi zote mbili San Siro. Ya kwanza 0-0, Milan wakiwa wenyeji. Ya pili 1-1, Shevchenko akiifungia Milan, Obafemi Martins akiisawazishia Inter. Milan wakapita kwa bao la ugenini, maana mabao yakilingana, la ugenini lilikuwa na uzito zaidi! Bao la ugenini, kwenye nyasi zilezile, mbele ya viti vilevile, kwa sababu tu karatasi ilisema usiku ule mwenyeji ni Inter. Sheria hiyo UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilikuja kuifuta mwaka 2021. Mimi nadhani ilipaswa kufa usiku ule.

Sisemi kila ndoa ya namna hii inadumu. Ungenijibu kwa kunitajia Munich, na ungekuwa na haki. Bayern na watani wao wa jiji hilo, klabu inayoitwa 1860, walijenga uwanja wa Allianz Arena nusu kwa nusu, ukafunguliwa 2005. Ukuta wa nje ulikuwa ukiwaka mwekundu Bayern wakicheza, wa bluu wakicheza 1860. Uzuri wake huo ulidumu kidogo tu. 1860 walikuwa wameshashuka daraja hata kabla uwanja haujafunguliwa, pesa zikawaishia, na mwaka 2006 wakawauzia Bayern nusu yao kwa euro milioni 11. Kutoka mwenye nyumba wakawa wapangaji wa mtani. Mwaka 2017 walipoporomoka hadi daraja la nne wakafunga virago na kurudi uwanja wao wa zamani.

Hilo ndilo ninalotaka ulijadili na wanachama, badala ya heshima na historia. Kilichowaua 1860 ni masharti: waliingia kwenye deni la klabu kubwa wakiwa na mapato ya klabu inayoyumba. Sasa sisi mapato yetu ya mlangoni ni kiasi gani, msimu mbaya tukishuka tutalipaje sehemu yetu, mmoja akishindwa mwenzake ana haki ya kununua kwa bei gani? Hayo ulitakiwa kutueleza hata kama jibu la mwisho ni hapana. Hapana yenye hesabu tungeielewa.

Tena kuna mambo madogo ambayo kwa shabiki ndiyo makubwa. Nyasi zitapumzika lini kama kila wikendi kuna mechi? Milan walipata taabu miaka mingi. Paa lililowekwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990 liliwanyima nyasi jua, hadi wakaja kuchanganya nyasi halisi na nyuzi za plastiki. Mwenye tiketi ya msimu anabaki na kiti chake siku ya dabi au anahamishwa? Chumba cha kubadilishia nguo ni kimoja kinachopakwa rangi upya, au kila mtu ana chake?

Na usiku wa kuamkia mechi, ufunguo wa geti anao nani? Usicheke, Mwenyekiti. Machi 8, 2025 dabi ya Kariakoo haikuchezwa. Simba na Yanga wote wamekuwa wakiutumia Uwanja wa Benjamin Mkapa kama wa kwao, na bado Simba walilalamika kuwa walizuiwa kuingia kufanya mazoezi siku moja kabla, wakatangaza kuwa hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha. Mechi ilikuja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Miezi mitatu na ushee nchi nzima inabishana kuhusu geti. Hapo ndipo utajua kwamba kanuni za kugawana uwanja zinatakiwa ziandikwe watu wakiwa wamepoa, si jioni ya kuamkia dabi walinzi wakiwa wamesimama mlangoni.

Kwa wale wanaosema mababu zetu watageuka kaburini, ninacho kisa kimoja. Old Trafford, uwanja wa Manchester United, ulipigwa mabomu Machi 1941. United hawakuwa na pa kuchezea, wakahamia Maine Road, uwanja wa Manchester City, wakalipa kodi na kukaa hadi 1949. Januari 1948 United walicheza na Arsenal humo, wakaingia watu 83,260, na mpaka leo hakuna mechi ya ligi kuu ya Uingereza iliyowahi kuuza zaidi ya hapo. Rekodi yao kubwa ya watazamaji imewekwa sebuleni kwa mtani! Hakuna shabiki wa United anayeona aibu.

Liverpool ndio mfano wa upande wa pili, nao pia hauwasaidii wanaopinga. Anfield ilikuwa ya Everton kuanzia 1884. Wakagombana na John Houlding kuhusu kodi, wakahama 1892, na Houlding akabaki na uwanja mtupu, akaanzisha timu ya kuujaza. Timu hiyo ndiyo Liverpool. Utani wote ule ulizaliwa na mkataba mbaya wa pango.

Nihamie kwa kocha.

Alikuwa na mapungufu, simtetei kwa yote. Kwenye dabi alichelewa kubadilisha kiungo, tukaachiwa nafasi katikati dakika ishirini nzima wakati jukwaa zima linapiga kelele. Lakini wiki moja kabla ulisema mbele ya waandishi kwamba una imani naye asilimia mia. Asilimia hizo ziliishia kwenye bao la pili la mtani. Je, angefungwa mabao yaleyale na timu ya mkiani angeondoka? Mimi na wewe tunajua jibu.

Tusome ya wenzetu. Novemba 5, 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1. Siku mbili baadaye Robertinho hakuwa tena kocha wa Simba. Akaja Abdelhak Benchikha, kocha mwenye CV nzito, naye hakumaliza msimu, na ubingwa ukaenda Yanga. Haya, basi aliyeshinda tano alibaki salama? Miguel Gamondi alitimuliwa Novemba 2024, mwaka mmoja tu baada ya sherehe zile, kwa kupoteza mechi mbili mfululizo dhidi ya Azam na Tabora United. Aliyepigwa tano kaondoka, aliyepiga tano kaondoka. Sasa hiyo dabi ilikuwa kipimo cha nini?

Roma nao, ambao wanagawana uwanja wa Olimpico na watani wao Lazio, mwaka 2024 pekee benchi lao lilikaliwa na makocha wanne. Mourinho aliondoshwa Januari, siku chache baada ya kutolewa na Lazio kwenye Kombe la Italia. Akaja De Rossi, mtoto wa nyumbani, akaongezewa mkataba hadi 2027, akafukuzwa Septemba baada ya mechi nne tu za ligi. Akaja Juric, hakumaliza hata miezi miwili. Wa nne akawa Ranieri, na yeye ndiye aliyeituliza timu ikamaliza nafasi ya tano.

Najua wasaidizi wako watakurukia na Ranieri: "Unaona? Kubadilisha kunasaidia." Kulisaidia, ndiyo. Ila kumbuka alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini aliyekuwa ameshatangaza kustaafu, aliyezaliwa Roma na kuifundisha Roma mara mbili huko nyuma. Sisi Ranieri wetu ni nani? Umemtimua kocha bila kuwa na jina la anayefuata. Kocha wa vijana amepewa "kukaimu", wachezaji waliosajiliwa kwa mfumo wa kocha aliyeondoka bado wana mikataba, na fidia ya kuvunja mkataba inatoka kwenye mfuko uleule ambao ulituambia hautoshi kujenga uwanja.

Hapo taarifa zako mbili zinakutana, Mwenyekiti. Kila kocha anayeondoka kabla ya wakati analipwa aende. Anayekuja anataka wasaidizi wake, kocha wa makipa wake, wachezaji wake dirisha likifunguliwa. Jumlisha miaka yako yote madarakani uone umelipa kiasi gani kwa watu wasiofanya kazi tena hapa. Halafu weka jumla hiyo pembeni ya mchango ambao tungetakiwa kutoa kwenye uwanja wa pamoja. Hesabu hiyo sijawahi kuiona kwenye ripoti ya fedha inayosomwa kwetu kwa haraka jioni, watu wakiwa wameshaanza kuangalia mlango.

Sikuombi umrudishe kocha. Ameshakwenda zake, na mwenye heshima zake asingerudi. Sikuombi uwapende watani. Mimi mwenyewe siwapendi, na siku ya dabi nitawaimba vibaya kama kawaida, uwanja uwe wao, wetu au wa sote. Ninaomba mambo yanayowezekana kabla ya Mkutano Mkuu.

Fungua tena mazungumzo ya uwanja na utuletee rasimu ya masharti: nani anamiliki kiasi gani, nani anabeba deni mmoja akishuka daraja, ratiba ya nyasi, viti vya dabi, na hilo geti. Tukatae au tukubali tukiwa na karatasi mkononi. Ripoti ya fedha iwe na mstari unaojitegemea wa fidia za makocha, kwa majina na miaka. Na kocha ajaye, kabla hajasaini, atangaziwe pamoja na sisi atapimwa kwa kipi: nafasi kwenye msimamo, vijana watakaopandishwa, hatua ya kombe, chochote mtakachokubaliana. Dabi iwemo humo kama mnataka, lakini ihesabiwe pointi tatu kama mechi nyingine.

Ukiona barua hii imeandikwa na mtu aliyetumwa na watani, namba yangu ya uanachama iko kwenye daftari la tawi, ada imelipwa, na kwenye Mkutano Mkuu nitakaa mstari wa mbele nikiwa na maswali haya haya.

Wasalaam,
Mwanachama wako