Besi ya gari langu ilikuwapo siku zote

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja wa Morogoro aliandika katika ukurasa huu kwamba redio za magari zinazouzwa siku hizi ni kelele tupu, hazina besi, yaani ile sauti nene ya chini, na kwamba yeye ameamua kuing'oa ya kwake airudishe dukani. Barua ile niliisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, mama watoto akiwa jikoni akasikia, akauliza, "Huyo si wewe huyo, wa mwaka juzi?" Ndiye mimi kabisa. Naomba nafasi nimuwahi huyo ndugu kabla hajashika bisibisi.

Kwanza aniamini kwamba najua ninachokisema ninapotaja besi. Nimepiga gitaa la besi miaka 11 katika bendi iliyokuwa mali ya shirika la umma hapa Tanga, enzi zile mwanamuziki ana namba ya kazi, ana likizo, na vyombo ni vya mwajiri. Huu ndio mji uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa hiyo kupiga vibaya hakukuwa jambo la kufichika. Mpiga besi hasifiwi na mtu. Watu wakitoka dansini wanamtaja mwimbaji na mpiga solo. Lakini usiku asipokuja, wachezaji wanarudi vitini mmoja mmoja na hawajui kimewapata nini. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mweke ndani ya gari lake, awashe wimbo wa zamani asikie solo ipo, rithimu ipo, tarumbeta zipo, kila mtu yuko kazini ila yeye.

Gari langu ni Toyota IST na lilishuka bandarini na redio yake ya Kijapani. Wenye magari ya Japani wanajua tatizo lake. Redio hizo zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, yanayoanzia 76 na kuishia 90, na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Unaambulia kile kipembe cha mwisho tu, na mara nyingi hakina kitu. Wengine hufungiwa kile kidude cha kuhamisha masafa. Mimi nilitaka redio mpya yenye tundu la flashi, maana nyimbo zangu zote mjukuu amenitilia humo.

Fundi wa kwanza alikata plagi ya Toyota kwa koleo, akaunga waya kwa waya kwa kukisia, akazungushia teipu nyeusi. Dakika 20 kazi imekwisha. Redio na ufundi, shilingi 85,000. Stesheni zikaja zote, nikamshukuru, nikashika njia ya Muheza kuchukua machungwa. Sijafika Pongwe nikajua kuna mtu hayupo garini.

Nilirudi kwake kesho yake. Akaongeza besi kwenye redio mpaka mwisho. Plastiki za milango zikaanza kulia, besi yenyewe hapana. "Mzee, spika zako zimechoka, hizi zimetumika Japani miaka mingapi?" Swali zuri, sikuwa na jibu, nikatoa 60,000 za spika mbili mpya za milango ya mbele, inchi 6 na nusu. Akazifunga kwenye nyaya zilezile. Mwimbaji akawa mkali zaidi, basi. Mara hii akaniambia gari dogo bila sabufa, ile spika kubwa ya besi peke yake, ni sawa na chai bila sukari. Sabufa ya inchi 10 ndani ya boksi lake, pamoja na amplifaya, kile chombo cha kuipa nguvu: 230,000. Boksi likala nusu ya buti, machungwa yakahamia siti ya nyuma.

Jumla 375,000, na mimi ni mtu wa pensheni.

Nikiri kwamba sabufa ilipiga. Kwa miezi saba nilikuwa na furaha, na jirani zangu wa Ngamiani hawakuwa nayo. Ila kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikuweza kukisema: besi ilikuwa inatoka mgongoni, na mwimbaji alikuwa kama anaelea, humwoni alipo. Nikajiambia ni masikio ya uzee.

Ilipofika masika, sabufa ikaanza ukorofi. Ukiongeza sauti inapiga mara mbili tatu, inakata, inarudi. Mwisho ikanyamaza kabisa na amplifaya ikabaki inawaka taa nyekundu. Fundi wa kwanza alikuwa amehamia Korogwe. Wa pili alifungua buti, akatazama ile taa, akainama akanusa, akatoa hukumu: amplifaya imeungua na koili ya sabufa, yaani ule waya uliosokotwa ndani yake, huenda imekwenda nayo, 190,000 tuanze upya. Muda wote huo hakuwa ameshika chombo chochote mkononi isipokuwa simu yake.

Pesa hiyo sikuwa nayo. Ningekuwa nayo ningetoa, na barua hii isingekuwapo.

Mtaani kwetu kuna binti aliyesoma umeme wa magari VETA, anatengeneza zaidi bajaji na pikipiki. Nilimpita kwa muda mrefu kwa sababu ambazo sasa zinanitia aibu. Nilipoegesha akaja, "Shikamoo babu." Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Babu, kupima peke yake ni elfu 10. Nikikuta kibovu tutaongea. Nisipokuta, elfu 10 yangu iko palepale." Nikanuna. Elfu 10 ya kuangalia tu? Nusura niondoke.

Alichofanya nakieleza kirefu, kwa sababu ndicho kitu ambacho mafundi wawili waliomtangulia hawakukifanya. Alianza na sabufa. Akazichomoa nyaya zake mbili, akaweka mita: ikasoma 3.4. Sabufa imeandikwa omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na koili nzima husoma pungufu kidogo ya namba iliyoandikwa. Iliyokatika haisomi kitu. Akaweka viganja vyote viwili kwenye ile karatasi ya spika, akaibonyeza taratibu, ameinamisha sikio. Koili iliyoungua hukwaruza. Hii haikukwaruza. Kwa hiyo sabufa nzima. Akaenda mbele, akaikagua fyuzi ya waya mwekundu karibu na betri. Nzima.

Kisha akarudi kwenye amplifaya, akagusa chanya na hasi yake, injini ikiwa imezimwa. Volti 12.4. Akaniambia, "Babu, ongeza sauti." Nikaongeza, taa ikawa nyekundu, na mita ikaporomoka hadi 9 na kitu mbele ya macho yangu. Mimi nikajua betri. Yeye akatoa waya mrefu mkobani, ncha nyekundu ya mita akaiacha pale pale kwenye amplifaya, ile nyeusi akaiunga kwa huo waya mpaka kwenye hasi ya betri kule mbele. Ongeza sauti tena. Mara hii 12.2, haikutikisika.

"Umeme unafika, babu. Unakosa njia ya kurudi."

Waya wa ethi, yaani wa kuurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, ulikuwa umefungwa kwa boliti juu ya rangi ya gari. Wakati gari kavu, zile nyuzi za boliti ziliusaidia kupenya kidogo. Ilipokuja mvua, na upepo wetu huu wa chumvi, kutu ikaingia chini ya washa ya boliti, njia ikawa nyembamba. Muziki mdogo unapita, besi haipiti, maana besi ndiyo inayokunywa umeme. Volti zikishuka amplifaya inajizima yenyewe ili isiharibike. Ile taa nyekundu aliyoitazama fundi wa pili ilikuwa inalalamikia ethi. Binti akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa spana namba 10, akapaka grisi juu yake. Dakika 15. Besi ikarudi mpaka vioo vya duka la pili.

Nikatoa elfu 10 niondoke. Hakuipokea. Alikuwa amekunja uso. "Babu, mbona huyu mwimbaji hana mahali?"

Mhariri, nilitaka kumkumbatia. Miezi saba nilidhani ni mimi.

Akachomoa ule waya mwembamba wa buluu unaoiamsha amplifaya, sabufa ikalala. Akaipeleka sauti yote milango ya mbele. Besi ikafa, kama siku ile ya Pongwe. Halafu akasogeza balansi, kile kirekebisho cha kugawa sauti kushoto na kulia, taratibu, kuelekea kushoto, mpaka mlango wa kulia ukanyamaza kabisa. Na hapo ndipo nikamsikia mpiga besi. Mlango mmoja ulitoa besi ambayo milango miwili ilishindwa kuitoa. Nilikaa kimya mpaka wimbo ukaisha.

Ilikuwa hivi. Spika hupiga kwa kusukuma na kuvuta hewa. Zote mbili zinapaswa kusukuma pamoja na kuvuta pamoja. Fundi wa kwanza, katika kukisia kwake, aligeuza chanya na hasi za mlango wa kulia peke yake. Kwa hiyo wa kushoto ukisukuma, wa kulia unavuta, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja yuko ndani na mwingine yuko nje. Sauti nyembamba hazidhuriki sana kwa sababu mawimbi yake ni mafupi, yanapishana ovyo humo ndani, ndiyo maana mwimbaji alisikika ila akawa anaelea. Lakini ule waya mnene wa gitaa la besi, ukiupiga wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 8 na zaidi, mara mbili ya gari langu zima. Wimbi kama hilo ndani ya IST halina pa kupishana. Spika moja inalijenga, nyingine inalibomoa papo hapo.

Akaitoa redio, akanihakikishia kwa betri ndogo ya tochi, ya volti 1.5. Alizigusisha nyaya za mlango wa kushoto, karatasi ya spika ikaruka nje. Za mlango wa kulia, chanya kwa chanya kama zilivyokuwa nyuma ya redio, ikaingia ndani. Waya mweupe wa redio ni chanya ya mbele kushoto, wa kijivu ni chanya ya mbele kulia, na wenye mstari mweusi ndio hasi zao. Upande wa kulia vilikuwa vimepishana. Akakata, akabadilisha, akachomelea kwa risasi badala ya kuzungushia teipu tu.

Sasa fikiria hesabu yangu. Spika za Japani zilikuwa nzima. Nilizibadilisha kwa mpya, nikazifunga kwenye nyaya zilezile zilizogeuzwa. Sabufa niliinunua ili ifunike kosa la waya mmoja. Na nusura ninunue amplifaya ya pili kwa ajili ya boliti moja.

Ningeweza kuwatukana wale mafundi wawili, na nyumbani nimeshawatukana. Lakini nimekaa nikafikiri, nikaona nami nimo. Fundi wa kwanza angeniambia siku ile, "Mzee, nipe elfu 10 nitafute kosa," ningemwona mwizi. Aliponiambia spika zimechoka nikatoa 60,000 bila kelele, kwa sababu niliondoka na maboksi mkononi. Tunalipia kitu cha kushika. Kazi ya kutafuta tunataka bure, tena haraka, huku tumesimama tunaangalia saa. Fundi naye ana kodi ya kibanda na watoto. Akitafuta kosa saa nzima akakuta boliti, anapata ahsante. Akiuza sabufa, anapata faida ya sabufa. Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?

Binti huyu ameandika kwa chaki ukutani, KUPIMA 10,000, na ananiambia kwamba watu kumi wakisoma, saba wanageuza pikipiki. Nilimshauri apunguze iwe 5,000. Alikataa, na sasa naona alikuwa sahihi.

Kwa ndugu wa Morogoro: usiirudishe bado. Kama betri ya gari ilichomolewa karibuni, angalia kwanza kwenye redio yako, huenda mipangilio ya sauti imefutika, au kile kichujio cha kuzuia sauti nene kimewashwa, maana nyingine huwa nacho. Kama si hivyo, kama una sabufa izime, peleka sauti yote mbele, weka wimbo wenye besi unaoujua vizuri, usogeze balansi mpaka mlango mmoja unyamaze. Besi ikiongezeka, kosa lako liko kwenye nyaya nyuma ya redio, na redio haina hatia. Usipoona tofauti, jaribu spika za nyuma hivyohivyo. Ikishindikana hapo, tafuta fundi mwenye mita mkononi na umlipe kwa kupima.

Boksi langu la sabufa nimelitoa, natafuta mnunuzi. Machungwa yamerudi kwenye buti.

Mpiga besi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.