Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Upungufu wa Damu Utokanao na Malaria, Mbale, Uganda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wakufunzi wetu,
Wakuu wa wadi mliotuvumilia,
Wazazi na wageni waalikwa,

Tunakukaribisha Mbale kwa furaha. Tunajua barabara na mvua za huku, kwa hiyo kufika kwako tu tumekuhesabia wema.

Sisi ni wauguzi, matabibu na watu wa maabara kutoka Tororo, Busia, Soroti, Arua na hapahapa Mbale. Siku ya kwanza kila mmoja alikuja na lugha yake. Kiswahili ndicho kilichotukalisha meza moja, na ndiyo maana tunasoma risala hii kwa Kiswahili, ingawa mwenzetu mmoja, aliyezoea kukisikia jeshini, alilalamika kwamba tutasikika kama askari kambini.

Mheshimiwa, mtu akisikia malaria hufikiria homa na kutetemeka. Wadini huja pia mtoto wa miaka miwili asiyelia wala kutetemeka. Amelala begani kwa mama, anahema harakaharaka, na mama anasema maneno mawili tu: "Damu imekwisha." Mkufunzi wetu alitukataza kukimbilia mashine. Alitupeleka dirishani penye mwanga, akafungua kiganja cha mtoto na kukiweka kando ya kiganja cha mama. Cha mama kilikuwa na wekundu wake. Cha mtoto kilikuwa kama karatasi. Kisha ndipo kidole kikachomwa, na kipimo cha hemoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, kikasoma gramu 3.4 kwa desilita. Chini ya 5 tayari ni hatari kubwa.

Malaria inamalizaje damu? Kimelea cha falsiparamu, kile cha malaria kali, huingia katika chembe nyekundu, huzaliana humo, na baada ya saa 48 hivi huipasua na kutoka kutafuta nyingine. Lakini hasara kubwa iko kwingine: wengu hufagia hata chembe nyingi ambazo hazikuwa na kimelea, na uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, uliopaswa kuziba pengo hulegea kazini. Ongeza minyoo ya safura. Ongeza selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu kama mundu, ambao vinasaba vyake viko kwa Waganda kama 13 katika kila 100. Na vidonge vya madini ya chuma tulivyozoea kuvitoa siku ileile? Mwili wenye homa huyafungia madini hayo stoo, kwa hiyo mengi hayafiki yanakohitajika. Huku mashariki tunapata pia watoto wenye mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa, na chanzo chake bado watafiti wanakifuatilia.

Wengi wetu tulidhani utafiti ni kazi ya wageni wenye magari meupe. Kumbe swali la kiasi gani cha damu aongezewe mtoto lilijibiwa katika wadi za Mbale, Soroti na Kampala, pamoja na Blantyre kule Malawi, kwa watoto 3,196. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Mtoto asiye na homa alinufaika na mililita 30 kwa kila kilo. Mwenye homa, 20 zilimfaa zaidi. Yaani kipimajoto cha kwapani kinaamua ukubwa wa mfuko wa damu! Jambo hilo lisingejulikana bila mtu wa kupima na kuandika usiku kucha.

Utafiti mwingine wa Uganda na Kenya, wa mwaka 2020, ndio uliotukosesha usingizi. Mtoto aliyeongezewa damu akaruhusiwa, mama huondoka akishukuru, nasi hufunga faili. Kumbe miezi inayofuata ndiyo yenye mtego. Watoto waliopewa dawa ya malaria wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kutoka walipunguza kulazwa tena na vifo kwa asilimia 70 katika kipindi hicho. Dawa ilipokoma, kinga nayo ikakoma. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo mwaka 2022, lakini nani atamkumbusha mama wiki ya 10, wakati wa palizi?

Hapo ndipo penye ombi letu. Tunaomba mafuta ya pikipiki kwa ajili ya kuwafuatilia watoto majumbani. Tunaomba vibanzi vya kupimia hemoglobini visiishe: katika kituo kimoja tulichofanyia mazoezi vilikosekana wiki tatu, tukawa tunaandika "damu kidogo" kwenye barua za rufaa, bila namba, na huko mbele waanze upya. Tunaomba majokofu ya damu katika vituo vya afya vya daraja la nne yawe na umeme wa uhakika. Na tunaomba nafasi za shahada ya uzamili zisiishie kwa madaktari. Anayeiona slaidi kila siku naye ana maswali.

Mheshimiwa, kabla hujaketi mezani kwa chakula, pale kwenye kona tumeweka hadubini. Slaidi ni ya juzi. Utaona pete ndogo za buluu, kila moja na kito chekundu, na katika chembe moja zimo pete mbili. Mwenye damu hiyo bado yuko wadini, na asubuhi ya leo ameomba uji.

Tunaomba kuwasilisha.